Muda wa kuwaka kwa tochi uhesabiwe mpaka wapi?

Ndugu Mhariri,

Barua hii naiandika usiku nyumbani kwangu Ngarenaro, Arusha, nikiwa mezani kando ya boksi la viatu ambalo ndani nimelibandika karatasi nyeupe pande zote. Ubavuni mwa boksi nimetoboa tundu, na katika tundu hilo nimechomeka kichwa cha tochi mpya niliyoiwasha saa 2:15, kiwiliwili chake nikikiacha nje kipate hewa. Juu ya kifuniko kuna tundu la pili, dogo, na juu yake nimelaza simu ambayo usiku huu haina kazi nyingine ila kusoma kiasi cha mwanga kilichomo ndani. Kila baada ya dakika 5 naandika namba moja kwenye daftari. Pakiti ya tochi yenyewe imeandikwa kwamba itawaka kwa saa 8, kwa hiyo kama maandishi hayo ni ya kweli, leo nitalala alfajiri.

Najua msomaji atashangaa mtu mzima kukesha akiiangalia tochi ikifa, na mshangao huo nimekwisha kuuzoea kutoka kwa watu wa nyumbani kwangu. Hata hivyo siko peke yangu. Hapa mjini tupo wanne wenye mazoea haya: mimi niliye fundi mstaafu wa maabara ya shule, fundi simu mmoja, mpagazi wa zamani ambaye sasa anaongoza wageni Kilimanjaro na Meru, na mlinzi wa usiku katika ghala moja la maeneo ya Unga Limited. Hatuna chama, katiba wala mfuko wa kufa na kuzikana. Tuna daftari na boksi, ambavyo huzunguka pamoja kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Jambo lilianzia kwa mlinzi. Alinunua tochi ya kuchaji kwa muuzaji aliyemhakikishia kwamba inawaka "masaa nane". (Niliposimuliwa, "masaa" niliyasamehe, maana siku hizi kila mtu anasema hivyo, nane ndiyo iliyonishinda.) Usiku wa kwanza, kabla ya saa tano, alikuwa haoni tena uzio wa upande wa pili wa ghala. Asubuhi aliirudisha dukani, muuzaji akabonyeza swichi, tochi ikawaka, akamwuliza kwa upole, "Sasa kaka, si hii inawaka?" Na kweli ilikuwa inawaka. Mlinzi alirudi nyumbani hana la kujibu, nasi tuliposikia kisa hicho tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza, kwa sababu katika ugomvi ule hakuna aliyesema uongo. Muuzaji alikuwa anazungumzia tochi kuwaka, mlinzi alikuwa anazungumzia yeye kuona, na namba iliyochapishwa kwenye pakiti ilikuwa upande wa muuzaji.

Hoja yangu kwa wasomaji wako, Mhariri, ni hiyo moja. Muda wa kuwaka haumsaidii mnunuzi mpaka aelezwe umehesabiwa hadi mwanga ukiwa umebaki kiasi gani; na kwa kuwa pakiti nyingi hazielezi, mtu yeyote mwenye simu ya kawaida na boksi la viatu anaweza kujipimia mwenyewe nyumbani, akapata jibu linalomhusu yeye na njia yake.

Watengenezaji wengi wenye jina hufuata kanuni iitwayo FL 1, iliyotolewa Marekani mwaka 2009. Kwa kanuni hiyo, mwanga wa mwanzo hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu tochi iwashwe, na muda wa kuwaka huhesabiwa kuanzia sekunde ya 30 mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Naomba msomaji asiipite haraka asilimia hiyo. Tochi iliyoanza na lumeni 500 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi) itaendelea kuhesabiwa kuwa inawaka hadi ifikie lumeni 50. Tena, alama inayochapishwa kwenye pakiti hutoa namba moja tu ya muda, wala haionyeshi mwanga ulishuka vipi katikati ya safari. Tochi mbili zaweza kuandikwa saa 5 zote mbili, moja ikawa imeshika mwanga uleule kwa karibu muda wote kisha ikaporomoka mwishoni, na nyingine ikawa imeshuka hadi robo ndani ya dakika 20 na kutambaa huko chini saa zote zilizobaki. Kwa kanuni hiyo, tochi hizo ni sawasawa. Kwa mlinzi aliye kazini hazifanani hata kidogo.

Sina ugomvi na kanuni yenyewe. Kabla yake kila mmoja aliandika alichopenda, na namba iliyopimwa kwa njia inayojulikana ni afadhali kuliko namba iliyooteshwa. Ninachosema ni kwamba asilimia 10 ni mahali pa chini mno kwa mtu anayetembea. Tuchukue umbali. Kanuni hiyohiyo inahesabu umbali wa kumulika hadi mahali ambapo mwanga unabaki robo ya luksi (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), yaani karibu na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, tochi ikibakiwa na robo ya mwanga wake humulika nusu ya umbali wake, na ikibakiwa na asilimia 10 humulika chini kidogo ya theluthi. Tochi iliyosifiwa kufika mita 100, katika dakika zake za mwisho zinazohesabiwa, inafika mita 32 hivi. Uzio wa mlinzi wetu uko mbali kuliko hapo.

Kuna mfano mwingine unaoonyesha kwamba mpaka huu hupangwa na watu na unaweza kupangwa vingine. Taa ndogo za sola, ambazo zimeenea sana vijijini kwetu, zina utaratibu wake wa upimaji uliokuzwa kupitia mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC, tawi lake la sekta binafsi, na katika utaratibu huo muda wa kuwaka kwa betri iliyojaa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Basi "saa 6" za taa ya sola iliyopimwa hivyo na "saa 6" za tochi iliyopimwa kwa FL 1 ni vitu viwili tofauti kabisa, japokuwa dukani huwekwa kwenye rafu moja na mteja huzilinganisha kwa macho.

Na macho, Mhariri, ndiyo shahidi asiyeaminika kuliko wote katika shauri hili. Jicho hujizoesha. Mwanga ukishuka polepole kwa muda wa saa nzima, mboni nayo hupanuka polepole, na mtu anaweza kupoteza nusu ya mwanga wake asijue kwamba amepoteza kitu. Ndiyo maana mtu huapa kwamba tochi yake "ilikuwa nzima kabisa, ikafa ghafla," kumbe imekuwa ikimfia mkononi tangu saa mbili usiku. Tulipoanza, kabla ya kutumia simu, tulijaribu kukisia kwa macho kila baada ya nusu saa na kuandika "nzuri", "wastani" au "hafifu". Daftari hilo la kwanza ninalo bado. Halina faida yoyote, isipokuwa linaonyesha kwamba mlinzi huona mwanga ni hafifu mapema kuliko sisi wengine, labda kwa sababu ndiye pekee ambaye gizani kuna mtu anayeweza kumjia.

Sasa niseme jinsi tunavyopima, kwa kuwa hapo ndipo penye makosa mengi, na tumeyafanya yote.

Simu nyingi zina kihisi mwanga karibu na spika ya kusikilizia, kile kinachokifanya kioo kififie chenyewe ukiingia gizani, na zipo programu za bure zinazosoma kihisi hicho na kutoa namba kwa luksi. Namba hiyo usiiamini kama namba. Fundi simu aliweka simu mbili tofauti juu ya tundu lilelile, moja baada ya nyingine, zikatofautiana karibu theluthi. Lakini sisi hatutafuti lumeni. Tunatafuta mwanga wa sasa ni sehemu gani ya mwanga wa mwanzo, na kwa kazi hiyo simu ikidanganya, hudanganya kwa kiwango kilekile mwanzo na mwisho, uongo ukajifuta wenyewe. Sharti ni kwamba simu iwe ileile, isisogezwe hata upana wa kidole tangu kuanza hadi kumaliza, na mwanga wa tochi usipige kihisi moja kwa moja. Ndani ya boksi tumesimamisha kipande cha kadi nyeupe mbele ya tundu la juu ili mwanga ufike ukiwa umekwisha kudunda kwenye kuta. Asiye na boksi aisimamishe tochi wima bafuni ikitazama dari nyeupe, aweke simu sakafuni pembeni, afunge mlango. Hutoa majibu yaleyale, ila watu wa nyumbani watataka kuoga.

Namba ya kwanza tunaichukua sekunde ya 30, si pale swichi inapobonyezwa, maana tochi za LED huwa na mwanga mkubwa zaidi katika sekunde za mwanzo kabla hazijapata moto. Kisha tunasoma kila dakika kwa dakika 10 za mwanzo, kwa sababu tochi nyingi zenye nguvu zimepangwa kujipunguza zenyewe baada ya dakika chache ili zisiungue, na asiyesoma mara kwa mara hapo mwanzo hatajua mwanga ulikwenda wapi. Baada ya hapo, kila dakika 5 inatosha. Mwisho tunaandika nyakati tatu: mwanga ulipofika asilimia 70, ulipofika nusu, na ulipofika asilimia 10. Wakati wa nusu ndio tunaoutaja kwa watu wanaotuuliza, kwa kuwa tumeona kwamba kushuka kutoka pale huwa ni kwa haraka au kwa kukatisha tamaa.

Makosa? Mara ya kwanza tulianza upimaji usiku wa manane na kuuacha uendelee hadi kumekucha, dirisha likiwa wazi. Kuanzia saa 12 asubuhi daftari lilionyesha tochi ikiongeza mwanga kadiri betri ilivyokwisha, muujiza ambao fundi simu alitaka tuutangaze kabla ya kugundua kwamba jua lilikuwa linaingia kwa pembe ya kifuniko. Mara nyingine tulipima betri iliyokuwa haijajaa, kwa kuwa umeme ulikatika katikati ya kuchaji na ukarudi sisi tukiwa tumelala. Tangu siku hiyo kila betri ya lithiamu hupimwa kwa maltimita, kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kuanza, na isipokaribia volti 4.2 hairuhusiwi kuingia kwenye daftari. Na ipo tochi moja ambayo kijiweni tuliisifu kwa wiki mbili nzima, kumbe tuliipima ikiwa kwenye mwanga wa kati, si wa juu. Tulilazimika kurudi kwa watu na kuwaambia. Hakuna tochi inayopimwa mara moja tena. Tunarudia mara tatu, na majibu yakitofautiana sana tunaanza upya.

Nije kwenye betri, ambako udanganyifu ni wa waziwazi zaidi. Betri ya lithiamu iliyozoeleka kwenye tochi za siku hizi huitwa 18650, na jina hilo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho kuonyesha kwamba ni ya mviringo. Volti zake za kawaida ni 3.6 au 3.7. Betri bora za umbo hilo kutoka viwanda vinavyoaminika hubeba karibu mAh 3,500 (miliampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Zile nene kidogo za 21700 ndizo hufika mAh 5,000. Lakini mtu akizunguka Soko la Kilombero na vibanda vya jirani ataonyeshwa betri za 18650 zilizoandikwa mAh 9,900 bila aibu, tena kwa bei ya chini kuliko nauli ya kwenda Usa River na kurudi. Hizo hazihitaji maabara. Betri ya kweli ya umbo hilo ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Arusha ni mji wa biashara ya madini, na madalali wa madini hapa wana mizani zinazoonyesha hata sehemu ya gramu. Nilimwomba mmoja anipimie betri niliyouziwa kwa maandishi hayo ya 9,900, akaiweka, akatazama namba, akanirudishia akisema kwamba kama lingekuwa jiwe asingelinunua. Ilikuwa na gramu 29.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Betri ya volti 3.6 yenye mAh 3,000 ina nishati ya wati-saa 10.8. Tochi nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Mtu anayetaka lumeni 1,000 anahitaji wati 10, kwa hiyo betri hiyo itamfikisha kama saa moja. Anayeandika kwenye pakiti "lumeni 1,000, saa 8" anadai wati-saa 80, yaani karibu betri saba na nusu za namna hiyo. Tochi ina nafasi ya betri moja. Mara nyingi maelezo ni kwamba lumeni 1,000 ni za mwanga wa juu kabisa na saa 8 ni za mwanga wa chini kabisa, namba mbili zilizotolewa katika swichi mbili tofauti na kuwekwa mstari mmoja kama mume na mke. Hili ndilo ningependa wasomaji walikague kabla ya kutoa fedha: je, muda ulioandikwa ni wa mwanga upi?

Wazee wenzangu wanaosema tochi za zamani za mabetri makubwa zilikuwa za kweli zaidi wana sehemu yao ya ukweli, maana hazikuandikwa muda wowote. Betri kavu za zinki na kaboni hutoa nishati nyingi zaidi zikitumiwa kwa mwanga mdogo na kwa vipindi, na balbu ilipoanza kuwa nyekundu kila mtu alijua. Tena tochi za mkononi za mwanzo kabisa, zilizopewa hataza Marekani mwaka 1899, betri zake zilikuwa dhaifu kiasi kwamba mtu aliziwasha kwa mweko mmoja mmoja, akizipumzisha katikati, na ndiyo asili ya Wamarekani kuziita taa za mweko hadi leo. Taa ya LED haigeuki nyekundu. Hufifia ikiwa nyeupe vilevile, na hilo ni sababu nyingine ya jicho kudanganyika.

Tochi za kuchaji za bei nafuu, zenye betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 4, zina tatizo lake. Zikiachwa zimekwisha chaji kwa wiki kadhaa, betri huharibika ndani na hairudi tena. Muda uliopimwa siku ya kununua haudumu, kwa hiyo hizo tunazipima tena baada ya miezi sita.

Swali gumu kuliko yote liliulizwa na yule mwenzetu wa mlimani. Kundi linaloelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, huondoka kambi ya mwisho karibu saa 6 usiku, kambi yenyewe ikiwa juu ya mita 4,600, na hutembea gizani hadi karibu saa 12 asubuhi. Huko baridi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 10 na zaidi, na betri ikipoa hupunguza uwezo. Za alkalaini ndizo huathirika zaidi, za lithiamu zikivumilia kiasi. Alitaka kujua saa 6 za nyumbani Ngarenaro ni saa ngapi za kule. Tulichukua friza ya jikoni kwangu, ambayo ipo karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, tukaingiza tochi ya kichwani pamoja na simu. Simu ndiyo iliyozimika kwanza. Tukabadilisha utaratibu: tochi ikabaki ndani ikiwaka, na kila baada ya nusu saa tukaitoa kwa muda mfupi, tukafuta unyevu kwenye kioo chake, tukasoma kwenye boksi, tukairudisha. Si upimaji safi, kwa sababu kila ikitoka inapata joto kidogo, na nisingependa mtu aupeleke mlimani kama amri. Lakini ile ya betri za alkalaini ilifika nusu mapema sana kuliko ilivyofanya mezani, na mwenzetu alitoka na uamuzi mmoja tu, ambao alisema wapagazi walikuwa wakiufuata tangu zamani bila friza: betri za akiba zilale ndani ya nguo, karibu na mwili, wala zisikae kwenye mfuko wa nje wa begi.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, sina budi kutaja hatari, na hili nalisema kama fundi wa maabara niliyekwisha kuona vitu vikiungua. Betri ya lithiamu isiachwe peke yake inapochajiwa wala inapopimwa. Iwe juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na pazia na godoro. Ikiwa haina kinga ndani yake, usiiache ishuke chini ya volti 2.5, na iliyoshuka sana usiilazimishe kuchaji. Iliyovimba, iliyochanika ganda au iliyopata moto bila sababu haipimwi, inatolewa nje. Tochi yenye mwanga mkali isilazwe uso chini juu ya kitambaa, kwa sababu kichwa chake kinaweza kuunguza. Na watoto wasishirikishwe na betri zilizolegea, hata wakiomba vipi.

Mwisho nina maombi, ambayo nadhani si makubwa. Waagizaji na wauzaji wa jumla waweke kwenye pakiti, kwa Kiswahili, muda wa kuwaka kwa mwanga wa juu hadi mwanga unapofika nusu, na waeleze ni betri gani iliyotumika kupima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mnunuzi, na Shirika la Viwango Tanzania lipo. Ingetosha kuanza na betri zile za mAh 9,900, ambazo kosa lake halihitaji kifaa chochote zaidi ya mizani. Vyuo vya ufundi tulivyo navyo hapa Arusha vina vifaa bora kuliko boksi langu, na mwanafunzi anayetafuta kazi ya mradi angeweza kupima tochi 10 zinazouzwa sana mjini na kuchora mistari yake kwenye karatasi moja, tukaiona sote. Walimu wa fizikia nao, ikiwa wanatafuta zoezi ambalo wanafunzi watalisimulia nyumbani, hili halina gharama.

Sasa ni saa 4:50. Sekunde ya 30 simu ilisoma 412. Nusu ilipita saa 3:20 na dakika kadhaa, na namba niliyoiandika sasa hivi ni 131. Mama watoto amepita akielekea kuzima taa ya jikoni, akataka kujua tochi imefikia wapi, nikamfunulia kifuniko kwa sekunde chache, akachungulia.

"Mbona inawaka vizuri tu, Baba?"

Fundi mstaafu wa maabara,
Ngarenaro, Arusha